MJANE SI MALI YA KURITHIWA
Darasa juu ya sura ya 25 ya Kumbukumbu la Torati na Aya ya 19 ya Suratin Nisaa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu wa darasa, tulikuwa tumeahidi kuendelea na mlango wa sala ya jamaa, lakini tumeletewa suala lisiloweza kungoja. Mwanamke mmoja Muislamu, wa kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, amefiwa na mumewe. Ana watoto watatu, mvulana 1 na wasichana 2, na mama wa marehemu yu hai. Eda yake imekwisha. Nyumba yake inavuja, na masika yamekaribia. Lakini katika ukoo wa mumewe hapana hata mtu mmoja anayekubali kupanda juu ya paa, kwani wasema kuwa nyumba ya mjane haitengenezwi mpaka kwanza mjane mwenyewe arithiwe na ndugu wa marehemu. Mwanamke amekataa.

Ukoo huo una Waislamu na Wakristo, kama zilivyo koo nyingi za huku kwetu Homa Bay na Migori. Basi wazee walipokutana, shemeji mmoja, Mkristo asomaye sana, alileta Biblia akaifungua sura ya 25 ya Kumbukumbu la Torati, akamwonyesha mjane mahali palipoandikwa kwamba mke wa marehemu achukuliwe na ndugu wa mumewe. Na shemeji wa pili, ambaye ni Muislamu, akaitikia: "Hata vitabu vya Mungu vyasema hivyo."

Alikuwapo hapo kijana mmoja wa darasa letu. Akaghadhibika, akasema mbele ya wazee kwamba kitabu kiamrishacho mambo kama hayo ni kitabu cha uzinifu. Kikao kikavunjika kwa matusi. Mjane akarudi katika nyumba yake inayovuja, na suala lake halikujibiwa na mtu.

Tulimwita kijana huyo, wala hatutamtaja jina, tukamuuliza: "Je, umeyasoma maneno uliyoyatukana?" Akasema: "Sikuyasoma." Basi darasa la leo ni jawabu la watu watatu: la kijana, la mashemeji, na kabla ya wote hao, la mjane.

ADABU YA KUSOMA KITABU CHA WENGINE

Tumeamrishwa tusijadiliane na Watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo bora kabisa (Suratil Ankabut, Aya ya 46). Tena katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliwafunza masahaba, Watu wa Kitabu wakiwasomea habari, wasiwasadikishe wala wasiwakadhibishe, bali waseme: tumeamini yaliyoteremshwa kwetu na yaliyoteremshwa kwenu. Sisi twaitakidi kwamba Taurati na Injili ziliteremshwa na Mwenyezi Mungu, na twaitakidi kuwa mikono ya watu imepita juu yake. Mwenye itikadi hiyo hawezi kukitukana kitabu kizima, kwani hajui ulimi wake utaangukia juu ya neno gani.

Majirani zetu hawa nao si watu wa kudharauliwa. Waadventista wapo Gendia, karibu na Kendu Bay, tangu 1906. Nao huiheshimu Taurati hata hawali nguruwe. Wakatoliki wapo, na watu wa Legio Maria, ambao Got Kwer katika Migori ndipo mahali pao patakatifu. Kwa watu hawa neno la Taurati lina uzito barazani. Basi mwenye kutaka kumnusuru mjane na asome.

Kisha kuna kanuni moja ambayo kila mwanafunzi wa tafsiri aijua: neno halisomwi peke yake. Mtu akisoma Suratil Maun akasimama mahali wanapoahidiwa adhabu wenye kusali, asifike kwenye sifa yao kwamba ni wale wanaoghafilika na sala zao, amewatia motoni wacha Mungu wote. Na mtu akisoma katazo la kuikaribia sala, akanyamaza kabla ya kutajwa ulevi, amevunja nguzo ya dini kwa kuisoma dini. Ikiwa hatukubali kitabu chetu kifanyiwe hivyo, haki yatutaka tusikifanyie hivyo kitabu cha jirani.

Tutoe mfano. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, mna maneno yaliyowatatiza wengi: kwamba asiyemchukia baba yake na mama yake na mkewe na watoto wake hawi mwanafunzi wa Nabii Isa (a.s.). Je, Nabii Isa aliamrisha watu wawachukie wazazi? Soma Mathayo, sura ya 10, utakuta maana hiyo hiyo kwa maneno mengine: kwamba asimpende baba au mama kuliko yeye. Basi imedhihirika kuwa kusudi lake ni kutangulizwa kwa mapenzi, na "kuchukia" ni namna ya kusema ya watu wale. Nasi tunayo Hadithi katika Bukhari na Muslim ya kwamba haitimii imani ya mmoja wetu mpaka Mtume awe mpenzi kwake kuliko mzazi wake na mwanawe na watu wote. Mwenye kucheka maneno ya Luka na ajitazame asije akacheka yaliyo kwake.

MANENO YENYEWE YASEMA NINI?

Sasa tuyaendee maneno ya Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, tangu mstari wa 5 mpaka wa 10. Muhtasari wake ni huu. Ndugu wakiwa wakaa pamoja, mmoja akafa naye hana mwana, mkewe asiolewe na mtu wa nje. Ndugu wa mumewe amwoe, na mtoto wa kwanza atakayezaliwa ashike jina la yule marehemu, lisije likafutika katika Israeli. Ikiwa ndugu hataki, mwanamke awaendee wazee langoni na kumshitaki. Akishikilia kukataa, mwanamke amvue kiatu mbele ya wazee na kumtemea mate, na nyumba ya mtu yule iitwe nyumba ya aliyevuliwa kiatu.

Ewe msomaji, tazama mambo manne.

La kwanza: sharti la hukumu yote ni kwamba marehemu hakuacha mwana. Sababu yake imetajwa hapo hapo, nayo ni kuhifadhiwa jina la aliyekufa bila ya mrithi. Mjane wetu ana mwana. Basi hata kwa hukumu ya kitabu kilicholetwa kikaoni, mstari ule haumhusu, na aliyeuleta aliukata kichwa.

La pili: mahali pengine katika Taurati hiyo hiyo, Mambo ya Walawi, sura ya 18 na sura ya 20, mwanamume amekatazwa mke wa ndugu yake. Wanavyuoni wa Kiyahudi wamezioanisha hukumu mbili hizi wakasema: katazo ndiyo asili, na ndoa ya ndugu ni toleo maalumu kwa ajili ya aliyekufa bila ya mtoto. Kwa hiyo, kwa madhehebu yao, aliyeacha watoto mkewe ni haramu kwa ndugu yake. Shemeji alidhani ameshika amri. Kumbe kwa wenye Taurati wenyewe ameshika katazo.

La tatu: aibu ya kukataa yamwangukia mwanamume. Mwanamke ndiye mshitaki, na wazee ni wenye kumsikiliza. Sheria iliwekwa ili asitupwe mjane asiye na mtoto katika zama ambazo mwanamke wa namna hiyo hakuwa na wa kumlisha. Leo imegeuzwa fimbo ya kumpigia.

La nne, na hili twalisema kwa insafu: ugumu haukuisha wote. Mwanamke amezuiliwa kuolewa nje, wala haikutajwa katika maneno yale kwamba aulizwe radhi yake. Tusijifanye hatukuliona, na Mkristo muungwana naye hatalificha. Mayahudi wenyewe waliliona jambo hili likiwalemea, na wengi wao tangu zamani wakachagua ile njia ya kuvua kiatu kuliko kuoa. Hata 1950 Baraza Kuu la Marabi katika Israeli lilikataza ndoa hiyo, likaamuru kiatu kivuliwe na mwanamke aachwe huru. Ikiwa wenye sheria wameiacha, ni vipi aibebe mwanamke wa ziwani asiyekuwa Myahudi wala Mkristo?

Na msistaajabu kwamba mistari hii yavuta watu huku na huku. Henry wa 8, mfalme wa Uingereza, alimwoa 1509 Catherine wa Aragon, mjane wa nduguye Arthur. Ilipopita miaka asipate mrithi mwanamume, alishika Mambo ya Walawi akasema ndoa yake ilikuwa batili tangu mwanzo. Na watetezi wa malkia wakashika Kumbukumbu la Torati. Papa akakataa kuivunja ndoa, na mfalme akalitenga Kanisa la Uingereza na Roma, 1534. Kila mmoja alichukua mstari uliomfaa. Dawa ya maradhi haya ni kuuliza: maneno haya yalimlinda nani, na kwa sharti gani?

INJILI NA BARUA ZA PAULO

Katika Mathayo 22, Marko 12 na Luka 20 imeelezwa kwamba Masadukayo walimwendea Nabii Isa (a.s.) na kisa cha mwanamke aliyeolewa na ndugu saba, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akifa bila ya mtoto. Walitaka kuifanyia mzaha itikadi ya kufufuliwa. Naye aliwajibu juu ya ufufuo tu, hakuwaamrisha watu kurithi wajane. Basi asiseme mtu kuwa Injili imeithibitisha mila hii.

Lakini katika Marko sura hiyo hiyo ya 12, na katika Luka sura hiyo hiyo ya 20, Nabii Isa awaonya watu na wale waandishi wapendao kusalimiwa masokoni, ambao hula nyumba za wajane na hali wanasali sala ndefu. Mwenye kuufungua mlango ule kwa ajili ya ndugu saba na asiufunge kabla ya kufika kwenye onyo hili.

Na Paulo, ambaye Wakristo humfuata, amewaandikia Wakorintho katika waraka wa kwanza, mwisho wa sura ya 7, kwamba mwanamke mumewe akifa yu huru kuolewa na amtakaye, madhali ni katika imani yao. Basi Mkristo akitaka kumlazimisha mjane, ushahidi wa kitabu chake u juu yake. Haya ndiyo ambayo kijana wetu angeyasema kwa sauti ya upole, akawaacha wazee wakitazamana. Alichagua tusi, na tusi likawapa mashemeji njia ya kutoka.

SISI WAISLAMU JE?

Hapa twageukia kwetu, nako ndiko kwenye uchungu zaidi. Shemeji aliyeitikia ni Muislamu. Angekuwa amehudhuria darasa hata mwezi mmoja, angalijua kwamba Qurani imeisema mila hii waziwazi. Katika Aya ya 19 ya Suratin Nisaa Mwenyezi Mungu ametuharimishia kuwarithi wanawake kwa nguvu. Na Ibn Abbas (r.a.) ameeleza, kama ilivyo katika Bukhari, kwamba zama za ujahili mtu alipokufa jamaa zake walikuwa na haki zaidi juu ya mkewe kuliko jamaa za mwanamke: wakitaka mmoja wao alimwoa, wakitaka walimwoza mtu, na wakitaka walimzuia asiolewe. Ndipo Aya ikateremka. Je, kuna tofauti gani baina ya ujahili ule wa Waarabu na tero ya hapa kwetu?

Tusije tukavuka mpaka. Ndugu wa marehemu si maharimu wa mjane. Akimposa baada ya eda ya miezi 4 na siku 10, mwanamke akaridhi kwa hiari yake, pakawa na walii, mahari na mashahidi wawili, basi hiyo ni ndoa sahihi kama ndoa nyingine, na huenda ikawa kheri kwa mayatima. Lililoharamishwa ni kumhesabu mwanamke kuwa miongoni mwa vyombo vya nyumba. Na mila ya tero yatofautiana na ndoa hiyo tena: kwayo mjane huhesabiwa bado mke wa aliye kaburini, na watoto azaao na jater huitwa watoto wa marehemu. Katika dini yetu mauti yameikata ndoa ile, na mtoto huitwa kwa baba yake aliyemzaa katika ndoa, kama ilivyo katika Suratil Ahzab, Aya ya 5.

Mtazameni Khansa binti Khidam, mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla, ambaye baba yake alimwoza naye hataki. Alimwendea Mtume (s.a.w.), naye akaivunja ndoa ile. Na Ummu Salama, mumewe alipofariki, Mtume (s.a.w.) alipomposa alitoa nyudhuru: kwamba ana wivu, na kwamba ana watoto. Mtume hakumkemea. Alimjibu moja moja mpaka moyo wake ukatulia. Ikiwa mbora wa viumbe alimposa mjane akangoja jawabu, shemeji ni nani hata asingoje?

HAKI YAKE KATIKA MIRATHI

Mara nyingi chini ya maneno "tumrithi mke" yamo maneno "tuishike mali". Basi tupige hesabu, ili kila mtu aijue sehemu yake. Marehemu ameacha mke, mama, mwana 1 na binti 2. Baba yake alitangulia kufa. Hutangulia gharama za maziko, kisha madeni, na mahari ya mke ikiwa haikulipwa ni deni pia, kisha wasia usiozidi thuluthi. Kinachobaki kigawanywe mafungu 96. Mke hupata thumni, nayo ni mafungu 12. Mama hupata sudusi, nayo ni mafungu 16. Yanabaki 68: mwana huchukua 34, na kila binti 17. Ndugu wa marehemu hawana hata fungu 1, kwani mwana amewazuia. Mashua ni katika mali hiyo, na nyavu pia. Anayezitumia bila ya kuwalipa mayatima ujira wao na aisome Aya ya 10 ya Suratin Nisaa, atazame ni kitu gani anachokila.

KUHUSU CHIRA

Wasema: nyumba ikitengenezwa kabla ya mjane kurithiwa, chira itawapata watoto. Mjane mwenyewe alituambia kwamba haogopi shemeji yake nusu ya anavyoogopa neno hili. Hatumcheki, kwani khofu ya mama juu ya wanawe si mchezo. Lakini twamwambia: ajaliye maradhi na siha ni Mwenyezi Mungu peke yake, na paa halina amri juu ya uhai wa mtoto. Kuitakidi kwamba mila ina nguvu ya kuua na kuhuisha ni mlango wa shirki, na mlango huo kwetu umefungwa.

Madhara ya yakini yapo kwingine. Uchunguzi wa taifa wa 2018 ulionyesha kwamba katika nchi nzima karibu watu wazima 5 katika kila 100 wana virusi vya ukimwi, lakini Homa Bay walikuwa karibu 20, na Migori karibu 13. Kisha mjane aletewe mtu wa kukodiwa, asiyejulikana alikotoka, ili "amtakase"! Mwenye kuogopa mayatima wasife na aogope hili.

Tena wazee wajue kwamba serikali nayo imelikataza jambo hili. Katiba ya 2010, ibara ya 45, imeiweka ndoa juu ya radhi ya wawili. Na sheria ya 2015 ya kuwakinga watu na dhuluma za majumbani imeutaja urithi wa mke kwa nguvu, na kutakaswa kwa mjane, kuwa ni katika dhuluma hizo. Na kugawanya mirathi baina ya Waislamu, Mahakama ya Kadhi ipo.

YANAYOTUPASA

Kwa kijana wetu: nenda kwa yule shemeji Mkristo, umtake radhi kwa tusi, kisha mkae mfungue pamoja kitabu chake, sura ya 25 na mistari yote sita. Usimwambie neno la Qurani mpaka mmemaliza. Tumemjua mtu huyo kuwa ni msikivu, na huenda akawa wa kwanza kusema haki mbele ya wazee.

Kwa shemeji Muislamu: hukudanganywa na Biblia, bali umeijua Aya ukaiacha, au hukuijua ukanyamaza kuuliza. Yote mawili yana toba, na mlango wa darasa u wazi.

Kwa dada yetu mjane: jawabu la suala lako ni hapana. Hulazimiki. Ukitaka kuolewa, na uolewe na umtakaye kwa sharia. Ukitaka kukaa ulee wanao, kaa. Haki yako na haki ya watoto wako tumeiandika hapo juu, nasi tu mashahidi.

Na kwetu sisi sote: itakuwa aibu kubwa tumalize darasa hili tukiwa tumeshinda kwa hoja na mvua ikamnyeshea yatima. Jumamosi baada ya sala ya alfajiri tutakutana msikitini. Mwenye ngazi na alete ngazi, mwenye misumari na alete misumari. Mabati 9 yamekwisha kupatikana, yamepungua 5. Tutapanda juu ya paa hilo mchana, mbele ya macho ya kila mtu, na tutasema Bismillahi. Mkristo akitaka kutushikia ngazi, karibu.

Wallahu aalam.